Reli ya Tabora–Kigoma ilitandikwaje bila mashine? Jibu la mtu wa genge

Mkuu, umeona mitambo ya SGR, reli mpya ya kisasa, sasa unauliza reli ya zamani ya Tabora hadi Kigoma ilitandikwaje kwa mikono, na kama watu walibeba vyuma kichwani kutoka Dar. Sikuijenga mimi, ila miaka ya 1980 nilikuwa kibarua wa genge, yaani kikosi cha kutunza reli, upande wa Urambo na Kaliua, na kubadilisha reli tulikuwa tukitumia zana zilezile: mtaimbo, nyundo, sururu, karai.

Vyuma havikubebwa kichwani. Ujenzi ulianzia Dar mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Treni ya vifaa ilipita juu ya reli iliyokwisha kutandikwa, ikasimama pale ilipoishia, ikashusha mzigo wa kusogea mbele. Waliotangulia ni wafyekaji na wachimbaji wa tuta la kupitishia reli, wengi wao Wanyamwezi.

Mataruma, vile vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli, hupangwa kwanza. Mjerumani alitumia ya chuma kwa sababu ya mchwa, na ukiyatazama ni kama mitumbwi iliyofudikizwa. Ndipo reli inakuja. Ile ya ratili 80 kwa yadi ina karibu kilo 40 kila mita, kwa hiyo kipande cha mita 12 kinakaribia kilo 480. Watu hujipanga kwa urefu wake, mmoja anaimbisha, wote wananyanyua na kushusha kwa sauti yake. Ukichelewa kuitikia, uzito wako anaubeba jirani.

Upana unapimwa kwa fimbo ya chuma, mita 1 kamili kati ya reli na reli, kisha kabari za kubana reli kwenye taruma zinagongwa. Kwenye maungio unaacha mwanya. Joto likipanda nyuzi 30, kipande hicho cha mita 12 kinarefuka karibu milimita 4, na jua la Tabora mnalijua. Bila mwanya reli inapinda.

Hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Kwangu mimi ndiyo kwanza inaanza, na hii ndiyo iliyotumaliza migongo. Mnyapara anakwenda mbali kidogo, anachuchumaa, jicho moja usawa wa reli, anaonyesha kwa mkono: kushoto, kulia, basi. Sisi na mitaimbo tunasukuma njia nzima kwa pamoja. Halafu tunainua palipolala na kushindilia kokoto chini ya kila taruma, pande zote mbili, mpaka lijae ndani. Taruma la chuma lina uwazi tumboni. Ukilishindilia kivivu linacheza treni ikipita, na kabari zinalegea. Ndiyo maana kila asubuhi mtu mmoja wa genge alitembea kipande chetu chote na nyundo begani, akizirudisha.

Tuta jipya nalo hudidimia, hasa likinyeshewa. Kwa hiyo treni hupitishwa taratibu kwanza, na genge linarudi palepale kuinua na kushindilia upya. Kwenye ukanda wa mto Malagarasi kazi hiyo ilikuwa haikomi.