Vichwa vya risasi vinalegea hata baada ya kukaza mdomo wa ganda

Ndugu yangu, unasema vichwa vya risasi za 9 mm unazojaza mwenyewe huko Texas vinazama ndani ya ganda ukivisukuma kwa kidole, na kila ukikaza mdomo vinalegea zaidi. Acha kukaza! Shaba ya ganda hujirudisha kidogo baada ya kubanwa, lakini madini ya risasi yaliyo ndani ya kichwa hayarudi. Ndipo nafasi hutokea. Kinachoshika kichwa ni shingo ya ganda, yaani sehemu iliyo chini tu ya mdomo. Pima kipanuzi chako, kile kifaa kinachopanua mdomo wa ganda kabla ya kuweka kichwa: kiwe chembamba kuliko kichwa kwa takriban 0.05 mm. Hakikisha pia ganda linabanwa upya lote. Mdomo uliopanuliwa unyooshwe tu, usibanwe zaidi. Hizo zilizolegea usizipige kamwe, zifungue: kichwa kikizama, shinikizo hupanda vibaya, na nakuogopea vidole na macho yako.