Sundubu jjigae: pilipili iingie chungu kikiwa bado baridi

Mkuu, usithubutu. Umeuliza ununue tofu gani (yale maziwa ya soya yaliyogandishwa) na kama sundubu, mchuzi wa Kikorea wa tofu laini na pilipili, inapikika bila nguruwe, sawa, hayo tutayafikia. Lakini umeandika pia kwamba kesho utakipasha hicho chungu chako kipya cha ttukbaegi, cha udongo cha Kikorea, hadi mafuta yafuke moshi, utie vijiko viwili vya gochugaru, yaani pilipili kavu ya Kikorea, ukaange dakika mbili kama tunavyokaanga nyanya, ndipo umwage supu. Ukifanya hivyo utakula shubiri, na chungu huenda ukakitupa siku hiyohiyo. Mimi changu nilikitupa.

Aliyeniponza ni mtu wa video mmoja, na mpaka leo nina hasira naye. Anakaanga pilipili kwenye sufuria nyembamba ya chuma, moto juu, kisha anahamishia kila kitu kwenye ttukbaegi ili picha ipendeze. Halafu anatuambia sisi tupikie kwenye ttukbaegi tangu mwanzo! Sufuria nyembamba ukiiondoa jikoni inapoa upesi. Ttukbaegi ni udongo mnene. Ukishazima gesi kinaendelea kutokota mezani, ndiyo maana mgahawani sundubu inaletwa ikirukaruka. Sasa fikiria joto hilo na pilipili kavu ndani yake. Unapunguza moto, chungu hakina habari.

Gochugaru si pilipili kichaa ya nyumbani. Ni chengachenga za pilipili nyekundu isiyo kali sana, ina utamu wake, na inaungua upesi. Ikikaangwa vizuri mafuta yanageuka mekundu yakang'aa na harufu inakuwa tamu. Ikizidi kidogo, wekundu unafifia unakuwa kama tofali. Ikizidi tena inakuwa rangi ya kahawa, na moshi wake unakaba koo. Kwangu jirani wa chumba cha pili alitoka nje akikohoa. Ikishafika hapo hakuna dawa. Sukari haisaidii, yai halisaidii, kuongeza tofu ni kuharibu tofu.

Nilipoiona inakuwa nyeusi nilizima gesi, ikazidi kuwa nyeusi. Nikanyakua maji ya kwenye friji nikamwaga. Tak! Ufa kuanzia mdomoni hadi kitakoni, maji yakavuja yakazima hata jiko la pili. Kombe za baharini nilizokuwa nimeziloweka kwenye maji ya chumvi ziteme mchanga tangu mchana sikuwa na chungu cha kuzipikia. Yule wa video hakugusia hata kwa neno moja kwamba udongo wa moto na maji baridi havikai pamoja. Watu wanafundisha kitu ambacho wao wenyewe hawakifanyi, na gharama unalipa wewe.

Kwa hiyo shika hili moja: mafuta, kitunguu saumu, majani ya kitunguu na gochugaru viingie pamoja chungu kikiwa baridi kabisa, ndipo uwashe moto, tena mdogo. Koroga bila kuacha, usiguse simu. Mafuta yakianza kuwa mekundu na vitunguu saumu vikilia taratibu, mwaga supu hapohapo, usingoje "iive zaidi". Na supu hiyo iwe ya vuguvugu au ya moto, isitoke kwenye friji. Mafuta ya ufuta peke yake yanaungua mapema, changanya na mafuta ya kawaida.

Supu yenyewe ni dagaa wakavu wa myeolchi na kipande cha mwani wa dasima, nguruwe hahitajiki. Dagaa watoe vichwa na matumbo, huko nako kuna uchungu. Mwani utoe maji yakianza kuchemka, ukikaa sana unatoa utelezi. Weka supu kidogo kuliko unavyodhani, kikombe kimoja kwa pakiti moja kinatosha, kwa sababu tofu itatoa maji yake.

Tofu nunua ile laini iliyofungwa kama soseji nene, imeandikwa sundubu, aghalabu gramu 350. Kata katikati, kamua iangukie yenyewe kwa mabonge makubwa, usiikoroge ikawa uji. Kombe ziingie kabla yake, zikifunguka ndiyo tayari. Chumvi onja mwishoni, sosi ya soya nayo ina chumvi. Na akitokea mtu hapa akakwambia utie kijiko kikubwa cha gochujang, ule uji mzito wa pilipili uliochachushwa, ili kupata rangi, mpuuze. Mchuzi utakuwa mzito wenye utamutamu, na rangi unayoitafuta inatoka kwenye yale mafuta mekundu.

Yai lipasue juu chungu kikiwa kinatokota, kisha zima, joto la udongo litalimalizia. Na kama kesho utapika mara mbili, usiianze ya pili kwenye chungu kilichotoka jikoni sasa hivi. Kiache kwenye mbao au kitambaa kikavu mpaka uweze kukishika kwa mikono mitupu, ndipo utie mafuta na pilipili.