Jibu: Data ghafi za upepo wa juu, Arusha hadi Moshi

Salama mkuu. Umesema unataka namba zenyewe za upepo kuanzia futi 10,000, siyo ramani za rangi, na kila ukitafuta unaishia kwenye ramani hizohizo. Nilikwama hapohapo.

Anza na kumbukumbu za maputo ya hali ya hewa za Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani. Ni bure. Weka kituo namba 63741, yaani Nairobi Dagoretti, uchague 00Z au 12Z, yaani saa sita usiku au saa sita mchana kwa saa za dunia (UTC). Kwetu 00Z ni saa tisa usiku na 12Z ni saa tisa alasiri. Mimi nilizichanganya wiki nzima. Ukikuta patupu, rudi siku moja nyuma. Shuka hadi mstari wa 700 hPa (kipimo cha mgandamizo wa hewa), ndiyo kama futi 10,000. Ukisoma 090 na 15, ya kwanza ni digrii za dira, upepo unatoka mashariki, na 15 ni kasi yake kwa kipimo kilichoandikwa juu ya safu. Unatoka, siyo unakwenda!

Ila Nairobi si Moshi. Kwa huku natumia GFS, utabiri wa kompyuta wa NOAA, shirika la hali ya hewa la Marekani, hutoka mara nne kwa siku. Kwenye NOMADS, tovuti yao ya kupakua data, kata eneo dogo tu, latitudo -2 hadi -5, longitudo 36 hadi 39, uchague UGRD (upepo wa magharibi-mashariki) na VGRD (wa kusini-kaskazini), la sivyo bando litaisha kabla ya faili. Namba zake ni mita kwa sekunde. Zidisha kwa 1.94 upate noti (maili za baharini kwa saa). Gridi, yaani nafasi kati ya pointi zake, ni digrii 0.25, karibu kilomita 28, kwa hiyo Kilimanjaro yote inaonekana kama kichuguu. Ukipita karibu na mlima usiiamini GFS sana. Siku ya kuruka, taarifa rasmi ichukue palepale kiwanjani.

Kwa simu sijajaribu, natumia kompyuta.