Gari iliyolipiwa ife haiwezi kukungojea Kasumbalesa

Swali: Mukubwa, jambo sana. Mimi ni shofere wa taksi hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Nina Toyota Ist ya mwaka 2003, usukani kuume, moteri bado nzima. Komisyonere mmoja, dalali wa gari, ananiambia kwamba kule Ulaya serikali zinawapa watu primu waache gari zao za zamani, ndiyo maana parkingi za Anvers, bandari ya Ubelgiji, zimejaa na bei imeanguka. Anataka avansi ya dolari 1,200 aniletee gari ya primu, usukani kushoto. Tena anasema niuze Ist upesi kabla bei yake haijaanguka na huku. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu yangu wa Katuba, avansi usitoe na Ist usiuze. Hayo yameisha. Sasa niache niseme juu ya hiyo primu, maana siku hizi hapa garaji ninasikia neno hilo kuliko neno vidanje, yaani kubadili oili, na karibu kila anayelitamka amelishika kichwa chini miguu juu.

Watu wanawaza hivi: serikali ya Wazungu inamlipa mtu aiache gari, gari inaachwa, sisi tunaokota, kama nguo za mitumba. Lakini nguo ya mtumba haichanwi vipande kabla mwenyewe hajapewa pesa yake. Gari ya primu inachanwa.

Chukua Marekani, mwaka 2009. Mwenye gari inayokunywa esansi nyingi alipewa dolari 3,500 au 4,500 za kununulia mpya. Ile ya zamani, mafundi waliimwaga oili yote, wakatia mahali pake maji ya silikati ya sodiamu, kiasi cha lita 2, kisha wakaiwasha na kuipa moto mpaka ikakwama. Dawa ile ikichemka inaganda kama kioo katikati ya vyuma. Wewe shofere unajua maana ya moteri kugripa. Basi pale walikuwa wanaigripisha kwa makusudi. Milango, taa na viti viliweza kuuzwa kama piesi. Moteri hapana. Mwisho gari inasagwa. Karibu gari 680,000 zilikwenda njia hiyo ndani ya wiki chache tu, kwa dolari bilioni 3. Nimeona picha za kazi ile, na ninakiri iliniuma: zilikuwemo moteri ambazo hapa zingebeba watu miaka kumi mingine.

Ujerumani, mwaka uleule, walitoa euro 2,500 kwa gari yenye miaka 9 na zaidi, wakamaliza euro bilioni 5 na karibu gari milioni 2. Uingereza ilikuwa pauni 2,000, nusu ya serikali, nusu ya kiwanda. Ufaransa walikuwa wamekwisha kuanza tangu 1994 na faranga zao 5,000, wananchi wakaiita Balladurette kwa jina la waziri mkuu Édouard Balladur. Desturi ni moja kila mahali: pesa inatoka gari ikifa, na kifo kina karatasi yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya inaitwa cheti cha kuharibiwa, na ni kiwanda chenye ruhusa tu kinachokitoa.

Sasa piga hesabu ambayo komisyonere wako hataki uipige. Kama serikali inampa Mjerumani euro 2,500 kwa gari kuukuu yoyote, hata ile inayosukumwa, nani atamwuzia mnunuzi wa Anvers kwa euro 800? Hakuna. Primu inaweka sakafu chini ya bei. Gari za chini kabisa, zile ambazo sisi ndio wateja wake, zinapungua sokoni na zilizobaki zinapanda. Wanaoumia kwanza ni maskini wa kulekule, kisha sisi. Bei iliyoshuka Ujerumani ilikuwa ya ngazi nyingine: gari zenye miaka michache tu, kwa sababu wateja wake walikimbilia mpya zenye primu. Wewe mwenye dolari 1,200 ngazi hiyo haikuhusu, tusidanganyane.

Ninajua utaniambia: lakini mukubwa, kuna mtu aliyeipata. Ndiyo, kuna. Mwaka uleule wa 2009 wapelelezi wa polisi wa Ujerumani walipiga kelele kwamba gari nyingi zilizolipiwa primu hazikufika kwenye mashine ya kusaga. Wajanja walizigeuza njia, wakaziuza Afrika na Ulaya ya Mashariki. Kwa hiyo gari ya primu inayotembea ipo, lakini ni mali ya wizi: imelipwa mara mbili, na kwenye daftari la nchi yake ni maiti. Maiti haina karatasi safi. Aliyeivusha amebadilisha karatasi, au amebadilisha namba ya shasi, na siku mambo yanapofunguka ni wewe mwenye karte roze, karatasi ya gari, mkononi, yeye amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Na tena, programu zile kubwa za 2009 zilikwisha siku nyingi. Zinazofuata ni za miji zaidi. London walitoa pauni 2,000 kwa gari iliyokataliwa na sheria yao ya moshi. Mwaka 2024 walipotaka baadhi ya gari hizo zisisagwe bali ziende nje, waliandika ruhusa wazi, na ruhusa ilikuwa ya kuzitoa msaada Ukraine. Katuba haikutajwa.

Kinacholeta gari kwetu ni kitu kingine, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kufukuzwa mjini si kuuawa. Bruxelles tangu 2018 wanazuia dizeli za zamani kuingia mjini, wakiongeza ukali hatua kwa hatua. Mwenyewe hajalipwa aiue, amekatazwa tu kuiendesha. Basi anaiuza, na hiyo kweli inaweza kupanda meli Anvers kwa njia halali. Wakikuletea hiyo, uliza habari za chujio la moshi kwenye eshapima, bomba la moshi. Likiziba, fundi wa haraka atalikata, atatia bomba tupu na kukuambia gari imepona.

Ist yako nayo ilitoka Japani kwa sababu za Japani. Kule gari mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2, na ukaguzi huo ni pesa. Mtu anaona bora aiuze mnadani. Anayeipeleka nje anarudishiwa hata ile ada ya kuisaga iliyolipwa tangu mwanzo. Japani pia walikuwa na primu mwaka 2009, yeni 250,000, lakini kwa gari yenye miaka 13. Yako wakati huo ilikuwa na miaka 6. Kwa hiyo bei ya Ist hapa inafuata mnada wa Japani, nguvu ya yeni, meli mpaka Dar es Salaam, barabara ya Tunduma na Zambia, na duane, yaani forodha, ya mpakani Kasumbalesa. Mzungu akisaga gari yake au asiisage, hayo yote yanabaki palepale.

Kinachonikera kabisa, na ninaomba wasomaji wengine wasikie, ni mtindo wa kufufua. Kuna gari zinazokatwa Japani katikati na kuuzwa kama piesi: nusu ya mbele na moteri yake, bwati yake ya gia, waya zake. Ni biashara halali na mimi mwenyewe ninazinunua. Ila kuna mafundi wa sudire hapa mjini wanaochukua nusu ya mbele na nusu ya nyuma, wanaziunganisha, wanapiga rangi, wanauza gari nzima kwa jina la "primu". Mama mmoja aliniletea moja, akilalamika kwamba inavuta upande. Nilipoinua zulia chini ya viti vya mbele, mshono wa kuchomelea ulipita kutoka mlango hadi mlango, umefunikwa mastiki. Alikuwa anapelekea watoto shule humo. Nilipomwonyesha, alikaa kwenye tairi kuukuu akanyamaza muda mrefu. Aliyemwuzia alimwambia mstari ule ni "wa kiwandani". Kiwanda gani kinachomelea sakafu kwa mkono kama mlango wa duka?

Basi kabla hujapenda rangi, inua zulia. Angalia sakafu, angalia nguzo za milango, pitisha mkono ndani ya buti. Namba ya shasi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye karatasi peke yake. Gari ya soko la Japani haina namba ile ndefu ya alama 17. Yako inaanza na NCP60, NCP61 au NCP65, kistari, kisha tarakimu. Ya Ulaya lazima iwe na zote 17. Na karatasi ya Japani iwe ile ya kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa nje. Ipo nyingine, ya kufutwa baada ya gari kubomolewa; ukipewa hiyo, umeuziwa kaburi.

Kuhusu komisyonere wako, mwombe namba kamili ya shasi na picha ya karatasi, leo, kabla ya dolari hata moja. Akikuletea, pita nazo garaji tuzisome pamoja. Na Ist uje nayo, nisikie rotila, viungo vya magurudumu ya mbele. Miaka yote hiyo kwenye barabara za Katuba, hizo ndizo zinanitia wasiwasi kuliko moteri.