Kabla hujamuuliza mhudumu "Unajua mimi ni nani?"

Kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa pili wa simu. Nilifanya kazi kwenye kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni moja ya simu hapa Dar es Salaam, kitengo cha miamala, wale mnaotupigia mkiwa mmetuma hela kwa mtu msiyemjua. Nimeshaacha, siku hizi ni mteja kama wewe. Lakini nikiwa kwenye foleni ya benki nikamsikia mtu anapandisha sauti dirishani, najua asilolijua yeye: yule binti ameshaacha kufikiria tatizo lake. Anafikiria namna ya kumwondoa pale.

Ukipiga huduma kwa wateja unaambiwa simu inarekodiwa. Usichoambiwa ni kwamba muda nao unahesabiwa. Skrini yangu ilionyesha simu zinazosubiri na dakika nilizotumia na wewe, na nikizidisha mno, msimamizi anakuja kuuliza kulikoni. Kukata simu kabla yako sikuruhusiwa, hata unitukane matusi ya nguoni. Kilichobaki kilikuwa kitufe cha kuzima maiki. Nabonyeza, navuta pumzi, namwambia mwenzangu wa kiti cha pili "huyu leo kaamkia ubavu," halafu narudi na sauti ile ile tamu: "Nakusikiliza, mpendwa mteja." Tatizo ni kwamba wewe ulikuwa unaendelea kusema, na pengine pale ulipotaja kiasi cha pesa masikio yangu hayakuwepo.

Pesa iliyotumwa kimakosa inaokolewa na haraka tu. Ikiwa bado iko kwenye simu ya aliyepokea, inaweza kuzuiwa wakati taratibu zinafuatwa. Akishaitoa kwa wakala, imebaki ya kumbembeleza au ya polisi. Kwa hiyo nilihitaji vitu vichache na nilivihitaji upesi: namba ya muamala, kiasi, namba iliyopokea, na uthibitisho kwamba laini ni yako.

Nakumbuka baba mmoja, mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba imeenda kwa mtu mwingine. Sijamaliza kujitambulisha akaanza: "Nyie wezi, mnashirikiana nao!"

"Pole sana, kaka. Naomba namba ya muamala."

"Namba ya nini? Si unaiona hapo kwenye kompyuta?"

"Naomba unisomee kwenye meseji, kaka, ili nithibitishe."

"Wewe binti, unajua unaongea na nani?"

Nilijua. Majina yake yote matatu yalikuwa mbele yangu, kama alivyosajili laini. Tukaenda hivyo hivyo, akanitajia na ofisi anayofanyia kazi, na tulipofika kwenye ile namba ya muamala pesa ilikuwa imeshatolewa. Sisemi angekuwa mpole ingepona. Huenda aliyepokea alikuwa ameshasimama kwa wakala muda ule ule. Nasema zile dakika zilikuwa zake, na alizitumia kunieleza cheo chake.

Kuna mama mwingine, mtu mzima kwa sauti. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Pole na kazi mwanangu. Nimekosea namba, meseji ninayo hapa, nisome?" Akasoma herufi moja moja, akifika kwenye duara anauliza mwenyewe kama ni sifuri au ni O. Tulimaliza upesi. Kabla ya kutoka zamu nikafungua tena suala lake kuangalia limefikia wapi, nikaona limekwama mahali, nikainuka kwenda kumuuliza mwenzetu anayehusika. Hakuna aliyenituma, na nisingefanya hivyo hakuna ambaye angenilaumu.

Hapo ndipo nataka usome polepole. Mhudumu hawezi kukupunguzia makato. Hawezi kuurudisha mtandao ukianguka. Sera hakuitunga yeye, na aliyeitunga huwezi kumpata kwa simu. Uwezo wake ni mdogo, ila uko palepale unapouhitaji: kulieleza suala lako vizuri anapolipandisha ngazi ya juu badala ya kuandika "mteja analalamika", kukwambia ubebe barua ya serikali ya mtaa kabla hujafunga safari na kurudishwa, kukudokeza kuwa tawi lile la pili saa hizi halina watu. Mambo haya hayamo kwenye mwongozo wa kazi. Anayafanya akitaka, na kutaka huko kunategemea sana sentensi yako ya kwanza.

Muuza LUKU, umeme wa kulipia kabla, wa mtaani kwenu naye ni hivyo hivyo. Giza limeingia, umelipa, tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita hazijaja, unamfokea kijana wa kibandani kana kwamba anazo mfukoni. Zinatoka kwenye mfumo wa TANESCO, yeye ni njia tu. Mwombe risiti, hakikisha namba ya mita iliyoandikwa ni yako (utashangaa watu wangapi wanamwashia jirani umeme), kisha subiri au upige kwa wahusika ukiwa na risiti mkononi.

Sasa, sijasema wahudumu wote ni malaika. Wapo wanaokujibu huku wanatafuna bigijii, wapo ambao wasipomaliza meseji zao hawainui kichwa, na sisi Wabongo tumezoea kumeza kimya kimya halafu tunakwenda kulalamika kwenye daladala. Usimeze. Muulize jina lake kwa utaratibu, omba namba ya taarifa ya tatizo lako, andika tarehe na saa, omba kuongea na msimamizi. Kumbuka ile rekodi: ikisikilizwa baadaye, mpole ukiwa wewe na mkali ukiwa ni yeye, msimamizi hana pa kukimbilia. Mkiwa mmetukanana wote wawili, inabaki ngoma droo. Kampuni ikikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi panapohusika: mawasiliano ni TCRA, umeme na maji ni EWURA, mambo ya benki ni Benki Kuu. Barua yenye namba ya taarifa na tarehe inatembea kuliko ukurasa mzima wa hasira.

Na tahadhari moja, maana nimesifia upole mno: mtu mpole kuliko wote atakayekupigia akijiita huduma kwa wateja huenda ni tapeli. Wale wana "shikamoo", "pole na majukumu", na subira ya ajabu. Akikuuliza namba ya siri, kata simu, wala usimuage. Mhudumu wa kweli haihitaji.

Mwezi Oktoba kila mwaka kuna Wiki ya Huduma kwa Wateja. Maputo yanafungwa, keki inakatwa, mteja aliyebahatika anapigwa picha na meneja. Sisi wa kwenye simu tulivaa fulana mpya na kutukanwa kama kawaida. Mteja akikuuliza msimamizi yuko wapi, ulijua siku imeharibika. Ndiyo maana nilibaki na mshangao siku mteja mmoja aliposema "niunganishe na bosi wako", nikamuunganisha mikono ikitetemeka, naye akawa anataka tu kusema nimemsaidia vizuri. Msimamizi alikuwa ameshashika kalamu kuandika malalamiko. Aliandika sifa badala yake, zikaingia kwenye faili langu, na mkataba wangu wa miezi michache ulipofika ukingoni zilikuwa zimo humo wakati wa kujadiliwa. Kwa hiyo ukihudumiwa vizuri, omba msimamizi. Ila mtonye kwanza mhudumu unachokwenda kusema, asife kwa presha.