Kupanda Kabla ya Kujua

Msimu wangu wa kwanza wa kulima Chamwino, mkoani Dodoma, niliupoteza kwa kutazama mawingu. Shamba la ekari tatu lilikuwa limekwisha kusafishwa na mbegu ya mahindi iko ndani, lakini mvua iliponyesha mwishoni mwa Novemba sikupanda, kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na hakika kwamba hiyo ndiyo mvua yenyewe na si ya kupita. Hakika hiyo niliipata wiki ya kwanza ya Januari, wenzangu wakiwa tayari kwenye palizi. Mvua ilikata Machi, mahindi yangu yakiwa ndiyo kwanza yanachanua, na nilichovuna kilikuwa magunzi.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, tofauti na Kilimanjaro au Tanga ambako aliyekosa vuli huingojea masika. Kwa hiyo mwaka uliofuata niliapa kutochelewa, nikaupanda mzigo wote siku moja baada ya mvua ya kwanza. Januari jua liliwaka wiki tatu mfululizo na miche ikakauka. Ilinichukua muda kuona kwamba makosa hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja: mara zote mbili nilikataa kuishi na jambo nisilolijua, mwaka wa kwanza kwa kusubiri lijulikane, na wa pili kwa kujifanya ninalijua.

Hata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nilikuwa nausoma vibaya. Tangazo likisema mvua zitakuwa za wastani hadi juu ya wastani, mimi nilisikia ahadi, ilhali linaeleza upande ambao msimu una uwezekano mkubwa zaidi wa kuelemea. Tena jumla ya mvua inaweza kufikia wastani huku mazao yakiwa yamekufa katikati, kwa kuwa mmea haunywi jumla ya msimu, unakunywa maji ya wiki hii.

Jirani yangu, mama wa makamo ya bibi yangu, ndiye aliyenifungua macho. Yeye hugawa mbegu ya mtama mafungu matatu: la kwanza hulipanda kwenye vumbi kabla ya mvua, la pili baada ya kuchimba kwa jembe na kuufinyanga udongo kiganjani na kuona unashikana kwa unyevu, na la tatu hubaki kwenye kibuyu kwa ajili ya kurudishia palipokosa kuota. Nilimuuliza, “Bibi, mwaka huu mvua itakuwaje?” Akanijibu, “Mjukuu wangu, hilo siliulizi. Mimi najiuliza kama mbegu yangu inatosha kupanda mara mbili.”

Ushauri wangu kwako, uwe unasubiri mvua, majibu ya usaili au mkopo wa biashara, ni huo: acha kuuliza kitakachotokea, uliza unaweza kubeba nini kikitokea kinyume. Hapo utaona kazi ya kufanya leo. Lakini usikubali kutojua jambo ambalo linaweza kujulikana, maana huo ni uzembe. Uotaji wa mbegu unajulikana: viringisha punje kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, ngoja siku chache, uhesabu zilizochipua. Nilipokuwa nikihangaika na mawingu, kipimo hicho sikukifanya hata mara moja.

Hofu haijaniondoka, na sidhani kama itaondoka, kwa kuwa hata mtama unaovumilia ukame unaweza kuliwa na ndege kweleakwelea ukiwa umekomaa. Msimu uliopita nami niligawa mbegu mafungu matatu: la pili liliota vizuri, lakini la kwanza liliharibiwa na panya kabla ya mvua. Nilirudishia sehemu hiyo jioni moja ya Desemba, nikaenda kulala bila kutoka nje kutazama anga.