Kiumbe chako kwenye Spore hakitaki kuruka? Danganya macho

Wale mnaoniuliza hapa mtaani Langoni mbona madege yangu kwenye Spore, lile gemu la kompyuta la kuunda viumbe, yanaruka na yenu yanajikokota chini, jibu ni kwamba hata yangu hayaruki. Gemu lilitoka 2008, Maxis walolitengeneza wakatuwekea mbawa za kila sampuli, lakini ukifika hatua ya kiumbe, pale unapomuongoza mnyama wako, unabonyeza kitufe cha spesi, unajirusha juu, mbawa zinakushusha polepole, basi. Uchukie usichukie ndo hivyo, kwa hivyo kazi yetu ni kudanganya macho tu.

Kwanza elewa gemu linafikiri vipi. Mwendo wa kiumbe chako hakuna mtu alokaa akauchora, angeuchora vipi na hajui wewe utaunda kitu cha miguu minane au mikono ya mgongoni, yaani gemu lenyewe linatazama miguu iko wapi, mirefu kiasi gani, halafu linabuni palepale namna ya kukitembeza. Sasa wengi wakitaka kiumbe kielee wanatoa miguu yote, na gemu likiona hakuna miguu linakitambaza kwa tumbo, umemaliza kazi yote umepata funza mwenye mbawa. Usitoe miguu bwana, ifiche. Mimi naweka miwili mirefu ya kuinua mwili juu, halafu napeleka mausi kwenye kila kiungo nazungusha kigurudumu mpaka mguu unakuwa mwembamba kama mshipi wa kuvulia, na nyayo siweki. Rangi ya mwili inashuka mpaka miguuni kwa hivyo chagua inayoshabihiana na mandhari ya nyuma. Ukikitazama kwa mbali kiasi hutaiona.

Mbawa nazo usizibandike mgongoni ukangoja miujiza. Weka mikono, bandika mbawa kwenye mikono, manake mkono ndo wenye vituko, ukienda kwenye majaribio, pale unapokitazama kiumbe ulichounda kikitembea, ukakiambia kicheze au kifurahi mikono inapaa juu chini na mbawa zinafuata. Mikono minne ni raha zaidi lakini angalia ile mita ya ugumu, inayopima wingi wa vipande ulivyoweka, ikijaa huongezi kitu tena.

Na kama unacheza gemu lenyewe, si kuunda tu, kuna jambo watu hawalijui: nguvu za mbawa hazijumlishwi. Ukibandika kumi gemu linahesabu ile moja bora, na saizi haina maana yoyote. Kwa hivyo chukua mbawa ya kiwango cha juu uliyonayo, ipunguze mpaka iwe kidude, izamishe mwilini isionekane, halafu nje weka mbawa unazozipenda wewe hata kama ni dhaifu. Tafuta pia nyayo zenye nguvu ya kujirusha, maana ukijirusha juu zaidi ndo unaelea mbali zaidi (hapo ile miguu ya mshipi isiyo na nyayo haikufai, hiyo ni ya picha). Na yafanye mapema, ukishaingia hatua ya kabila, ile inayofuata hatua ya kiumbe, mwili haubadiliki tena, utakuwa unavalisha nguo tu.

Lakini ushauri wangu mkubwa ni chagua ndege wa kuiga. Kila mtu anataka chozi yule wa kwenye maua, mbawa hata hazionekani zinavyokwenda, gemu hili haliwezi hiyo. Nenda kasimame kwenye jeti wakati samaki wanashushwa utazame mwewe. Hapigi mbawa! Amezitandaza tu, anayumba upande huu upande huu, kazi yote anaifanya mkia, unauona unapinda kama anageuza usukani, na akishuka kuchukua matumbo ya samaki ndo miguu inatoka. Huyo ndo gemu linamuweza, mbawa pana zilizotulia, uti wa mgongo umelala, mkia mpana. Kunguru ni kazi zaidi, hatulii.

Ukishamuunda mrekodi video mlemle kwenye majaribio, shusha kamera iwe kama unamtazama kutoka chini, ardhi isiingie. Ardhi ikiingia tu kila mtu anaona kivuli na uongo umekwisha.

Wenye ile nyongeza ya 2009, Galactic Adventures, nyie mna njia ya kuruka kikweli: unda ndege wako kwenye sehemu ya vyombo, chombo cha angani, umpange vipande vya humo mpaka afanane na ndege, halafu muweke kwenye mchezo wako azunguke. Anapaa kabisa. Mimi simpendi sana manake hapepesi macho, hana uso, ni kama sanamu limetiwa injini, lakini ukitaka kundi zima linalopita nyuma huko mbali juu ya bahari, weka kumi hao hao, nani atakwenda kuwakagua.